Gengetone tuachieni, lakini wimbo wa kubaka hapana

Kwa Mhariri,

Kila mara mtu akiandika juu ya maadili hapa Nairobi lazima Ethic, kundi la gengetone (muziki wa kurap kwa Sheng wa vijana wa mtaani), watajwe, eti ndio waliharibu vijana, na mimi kama mzazi wa Umoja naomba nijibu kwa sababu wanakundi hao, Rekles, Swat, Zilla na Seska, walitokea huku kwetu.

Wimbo wao Lamba Lolo ulipotoka 2018, matatu za Eastlands zilikua zinapiga Naija, Bongo na Jamaika asubuhi mpaka usiku, ngoma ya mtoto wa Nairobi ulikua unaitafuta. Sasa ghafla makanga anaitisha ngoma ya mtaani, wakafuata makundi mengine kama Sailors, Ochungulo Family, Boondocks Gang, na vijana wakaona kumbe si lazima ujuane na mtu wa redio, unarekodi kwa studio ndogo ya jirani na kuweka YouTube. Ukipita mtaani jioni unakuta mmoja kakalia bodaboda anaimba, mwingine anashuti video na simu, mama wa mboga anawafukuza wasimwagie sukuma wiki na bado kichwa kinatikisika. Mambo kama hayo hatukua nayo tangu enzi za genge, ule muziki wa mtaani wa zamani wa akina Nonini, ambao pia walitukanwa sana wakati wao.

Lakini Tarimbo ya Ethic ya 2019 siitetei hata kidogo. Ule wimbo ulikua unashabikia kubaka, ukatolewa YouTube na wenyewe wakaomba msamaha, na ilikua haki kabisa. Nina binti, anapanda hizo hizo matatu, sitaki aketi humo akisikia mwili wake unaimbwa hivyo na abiria wanacheka.

Shida yangu ni wale wanaoweka kila kitu kapu moja. Mwaka huohuo Ezekiel Mutua, aliyekua mkuu wa bodi ya filamu wakati huo, alisema nyimbo za Wamlambez (ya Sailors) na Tetema (ya Rayvanny na Diamond wa Bongo) ziishie baa na klabu, na kusema kweli nani alimsikia? Mtu alikua anaita "wamlambez" kwa stage ya matatu na watu wote wanaitikia. Matusi ya mapenzi na kushabikia ubakaji si kitu kimoja jamani, ukipigia yote kelele sawa vijana wanaziba masikio hata pale unasema ukweli.

Kaunti nayo ina kumbi za kijamii Eastlands, kama ile ya Kaloleni iliyojengwa enzi za mkoloni. Wafungulie vijana jioni, waweke spika na maiki, walete wanamuziki waliotangulia wakae nao wawasikize na kuwakosoa uso kwa uso, na wasichana pia wapewe maiki maana mara nyingi wanaimbwa tu.

Mzazi, Umoja, Nairobi