Asante sana dada wa penseli

Jamani huyu dada simjui hata jina ila lazima nimshukuru, labda itamfikia. Mwezi uliopita nilienda Lambeth Archives, hifadhi ya nyaraka za zamani hapa London, kutafuta mafaili ya Olive Morris, yule binti mwanaharakati aliyezaliwa Jamaica 1952 akaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Brixton Black Women's Group, kundi la wanawake weusi wa Brixton, mwaka 1973 na OWAAD, umoja wa wanawake wenye asili ya Afrika na Asia, 1978, halafu akafariki 1979 ana miaka 27 tu, ishirini na saba jamani! Nimefika na peni yangu sijui hata naanzia wapi, dada wa meza ya pembeni akaniachia penseli yake maana wino hauruhusiwi karibu na karatasi za zamani, akanionyesha katalogi inasomwaje na picha unaishika kwenye kingo tu. Akaniambia usiishie kwenye picha, soma na vikaratasi vya mikutano, ndiko utawakuta wanawake ambao hakuna aliyewapiga picha. Hilo limenikaa sana.

Jioni nikampigia mama Tanga, ana sanduku la picha za UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanzania, za miaka ya themanini, pini zimeshika kutu mpaka karatasi imeingia rangi. Sasa tunazitoa taratibu na kuandika majina nyuma kwa penseli, maana wenzake wengi wametangulia na anayezijua zile sura kabaki yeye. Tumefika picha ya 14.

Dada, Mungu akubariki sana. Penseli yako ninayo bado.