Mhariri, hizi risasi za mita mia sita tuzizungumze

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni mfuata nyayo mstaafu, nimefanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji upande wa Rungwa na Kizigo miaka kumi na tisa mpaka goti likanigomea nikarudi Manyoni kulima alizeti. Naandika kwa sababu wiki iliyopita kijana wangu wa mwisho alinionyesha vidio kwenye simu, mtu amelala kifudifudi juu ya kilima, bunduki imesimama kwenye vimiguu vyake viwili vya chuma, anampiga pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, aliyeko ng'ambo ya bonde, chini wameandika mita 870, na watu wanashangilia kama goli la Simba na Yanga. Kijana akaniuliza, baba na nyie mlikuwa mnapiga hivi? Nikamwambia hapana, halafu nikakaa kimya maana nilikumbuka kitu ambacho nitakisimulia hapa chini.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya, mimi sipingi uwindaji wa kitalii. Kenya walifunga mwaka 1977 na wana sababu zao, mimi watoto wanne nimewasomesha kwa hela ya kitalu na nimeona kijiji kinapata nyama na hela kidogo ya zahanati. Ninachokisemea hapa ni umbali tu.

Sisi tulivyofundishwa na wazee, kazi ya kuwinda ni kusogea. Unaiona nyayo alfajiri, unaangalia ukingo wa udongo kama bado umesimama au umeshabomoka, unagusa kinyesi, unaanza kufuata, na mkononi una soksi kuukuu yenye majivu, kila baada ya hatua kadhaa unaitikisa uone upepo unaenda wapi. Upepo ukigeuka unazunguka hata kama ni saa nzima. Nyati tulikuwa tunampata kwa mita 40, 60, ikizidi sana 80. Mara nyingi alituzidi akili, korongo mmoja, yule swala mkubwa, aliyekuwa amesimama pembeni anakohoa mara moja kundi zima limekwenda, mnarudi kambini na vumbi tu. Na mgeni, yaani mtalii aliyelipia kuwinda, aliyekuwa muungwana alikuwa anacheka anasema leo ameshinda yeye. Hiyo nafasi ya mnyama kutunusa, kutusikia, kutuona, ndo uwindaji wenyewe ulivyo. Ukikaa mita mia sita unakuwa umemfunga pua na masikio na macho kabla hujafyatua.

Na hapo bado sijagusa hesabu zenyewe. Bunduki ya .300 Winchester Magnum, ambayo wageni wengi wanakuja nayo, risasi yake inachukua karibu sekunde nzima kufika mita 600. Mtu aliyekaa sebuleni anaona sekunde moja ni kitu gani, lakini mnyama anayetembea taratibu huku anakula anasogea kama mita moja kwa muda huo, na kwenye mwili wa tandala mita moja inakutoa kwenye moyo inakupeleka kwenye utumbo. Upepo wa kawaida kabisa wa kilomita 15 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni unaisukuma hiyo risasi nusu mita au hata zaidi. Risasi pia inakuwa imepoa mwendo, nyingine hata haifunguki vizuri ndani ya nyama, inapita kama sindano. Kweli sa hivi kuna vipimo vya leza, kuna skopu zenye vifundo vya kuzungusha, kuna programu kwenye simu inakwambia zungusha mara ngapi, na mwaka 2013 kampuni ya TrackingPoint ya Texas ilianza kuuza bunduki yenye kompyuta ndani inayosubiri mpaka shabaha ikae sawa ndo inafyatua. Nakubali kushuka kwa risasi kunapigiwa hesabu. Lakini bondeni upepo una njia tatu kwa wakati mmoja na hakuna kifaa kinachojua mnyama ataamua nini sekunde ijayo.

Sasa niseme kile nilichokikumbuka. Ilikuwa Septemba, miombo imeanza kutoa yale majani mapya mekundu, tukamuona dume la tandala mkubwa ng'ambo ya bonde, pembe zimezunguka vizuri sana, mzee wa miaka mingi. Kipimo kikasema mita 540. Mwindaji bingwa wetu, yaani yule mwenye leseni anayemwongoza mgeni, akasema tushuke, upepo ni wetu, baada ya saa moja tutakuwa karibu. Mgeni akasema hana haja, amejifua mwaka mzima kupiga bamba la chuma kwa mita 1000 na halikosi. Wakabishana kidogo, na mgeni ndo mwenye hela, akalala chini akapiga. Upande wetu kulikuwa kimya kabisa, lakini mimi niliyekuwa na darubini niliona nyasi za upande ule zinalala kuelekea kusini.

Tandala alishtuka kidogo tu, akaingia kichakani anatembea. Mgeni akasema nimekosa, tuondoke. Wenzangu wakaanza kukunja vitu. Nikaomba niende nikaangalie, na nashukuru yule mwindaji bingwa alinisikiliza.

Watu hawajui hapa ndo pagumu kuliko pote. Ukipiga kwa mita 70 unajua alisimama wapi, unakwenda moja kwa moja unaona kwato zilivyochimba. Ukivuka bonde la nusu kilomita unakuta kila mti unafanana na mwenzie. Nilimwacha mwenzangu pale pale palipopigiwa risasi anielekeze kwa kofia, kulia, kushoto, mbele, na bado nilitumia zaidi ya saa moja kupata mahali penyewe. Kulikuwa na unywele mmoja mmoja wa tumboni, na mbele kidogo kwenye jani majimaji ya kijani yenye harufu. Anayejua kazi hii anajua maana yake. Damu yenye povu ni mapafu, hafiki mbali, damu nyeusi nzito ni ini, na ile kijani ni utumbo, atatembea siku nzima na atakufa taratibu.

Tulimfuata mpaka giza. Alikuwa amelala mara nne, kila mahali ameacha kidoa cha damu na nyasi zimelaliwa upande mmoja, maana upande wa kidonda ulikuwa unamuuma. Usiku tukalala kule kule bila chakula. Asubuhi tukamkuta kama kilomita saba kutoka alipopigwa, chini ya kichuguu, fisi wameshamaliza. Ardhi kuzunguka kichuguu ilikuwa imechimbwa kwato duara zima. Yaani walimkuta mzima, akapigana. Mgeni alipewa pembe zake na alilipa, maana kwa sheria zetu mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa kama ameuawa hata asipopatikana, akapiga picha akaondoka. Kijijini haikufika hata kilo moja ya nyama.

Ndugu Mhariri, kinachoniumiza mpaka leo ni lile neno nimekosa. Nisingekwenda kuangalia, kwenye fomu ya uwindaji ya siku hiyo pangeandikwa hakuna kitu. Ni wangapi wameandikwa hakuna kitu? Mtu wa mbali haoni unywele, haoni kijani kwenye jani, kwake mnyama aliyeondoka kwa miguu yake ni mnyama aliyekoswa. Zile vidio zinaonyesha aliyeanguka pale pale. Risasi tano za kabla ya hiyo hazirushwi.

Na tusisahau nani anaingia kichakani. Nyati akipigwa vibaya haendi mbali, anazunguka anasubiri kwenye nyayo zake mwenyewe, na anayetangulia mbele ameinamisha kichwa anasoma ardhi ni mfuata nyayo, mara nyingi hana hata bunduki. Nimemzika mwenzangu kwa sababu hiyo, na yule nyati alipigwa akiwa mbali kuliko mwindaji bingwa alivyotaka. Aliyepiga alikuwa salama juu ya mlima wakati wote. Sioni haki hapo, mtu kuchagua hatari halafu akaivaa mwenzie.

Kuna vijana wa kambini waliniambia mzee umepitwa na wakati, mtu aliyejifunza vizuri anapiga vizuri zaidi kwa mita 400 kuliko babu anayetetemeka kwenye mita 80. Nimelifikiria hilo kwa haki kabisa na lina ukweli ndani yake. Wageni wabovu wa karibu nimewaona wengi, mwingine anamkosa nyati mzima kama nyumba. Lakini aliye karibu akikosea, risasi ya pili iko hapo hapo, na tunaona alipopiga. Na yule hodari wa mita 400, uhodari wake ungemfaa zaidi kwenye mita 100, hapo asingekosa kabisa. Sasa kwa nini asisogee? Jibu ninalolipata kila mara ni kwamba anataka kujua bunduki yake inafika wapi. Basi apige mabamba ya chuma, chuma hakina utumbo.

Si mimi peke yangu ninayesema hivi. Kule Marekani kwenyewe, klabu ya Boone and Crockett iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, huyo huyo aliyeshukia Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda huku kwetu, ilitoa msimamo mwaka 2014 kwamba kupiga mbali kwa kutegemea mitambo kunamnyang'anya mnyama nafasi yake ya kutumia silika kujiokoa. Hao ni wawindaji, wala hakuna anayeweza kuwaambia hawaipendi bunduki. Hapa kwetu wako Wahadzabe pale Ziwa Eyasi, upinde na mshale wa sumu, wanatambaa mpaka wanakaribia kabisa, wakishapiga wanakaa chini wanasubiri sumu ifanye kazi halafu wanafuata damu mpaka mwisho. Mshale nao unajeruhi, sitaki kusema uongo, ila sijawahi kuona Mhadzabe anaondoka bila kwenda kuangalia pale mshale ulipoangukia.

Sheria zetu za wanyamapori zina mambo mazuri. Huruhusiwi kupiga ukiwa kwenye gari, huruhusiwi kuwinda usiku, wanyama hatari lazima bunduki nzito kuanzia kipenyo cha .375, simba awe ametimiza miaka 6, tembo meno yawe na uzito au urefu uliotajwa. Yote hayo yaliwekwa kwa sababu kuna mtu aliona si haki au si salama. Kuhusu umbali, kwa miaka yangu yote kumi na tisa sikuwahi kuonyeshwa na bwana nyama yeyote mstari hata mmoja. Na jamani hata huo umri wa simba utausomaje kwa uhakika kwa mita mia tano? Unatakiwa uone pua imekuwaje nyeusi, manyoya ya shingo, makovu ya uso.

Ombi langu kwa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na wenye vitalu ni dogo na halina gharama. Siku ya kwanza mgeni akifika kambini anajaribu bunduki yake kwenye shabaha, hiyo ni kawaida kila kambi. Hapo hapo askari wa wanyamapori awepo, mgeni apige akiwa amesimama na zile fimbo za kuegemea, si kwenye meza na mto wa mchanga, na umbali anaoweka risasi tano bila kukosa kwenye duara la sahani ya chakula ndo uandikwe kuwa mpaka wake kwa safari nzima, na kwa yeyote yule usizidi mita 200. La pili, kila risasi ikipigwa watu waende mpaka alipokuwa amesimama mnyama, hata mgeni akiapa amekosa, na wasiondoke mpaka mfuata nyayo mwenyewe aseme hakuna kitu. Na ile fomu ya kila siku iongezwe safu moja ya umbali, mfuata nyayo aweke sahihi yake au dole gumba pembeni ya kila risasi, zilizopata na zilizokosa.

Wako,
Mfuata nyayo mstaafu,
Manyoni, Singida