Anchovi si dagaa yeyote

Ndugu Mhariri,

Wafasiri na waandishi wa mapishi wakikutana na anchovi, samaki mdogo wa baharini anayehifadhiwa kwa chumvi Ulaya, huandika "dagaa" wakapita. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Henry IV, sehemu ya kwanza, Falstaff, mzee mlafi na mlevi, amelala fofofo, mifuko yake inapekuliwa, na hati ya deni la kilabuni inatoka. Mvinyo galoni 2, shilingi 5 na peni 8. Anchovi na mvinyo baada ya chakula cha usiku, shilingi 2 na peni 6. Mkate, nusu peni. Ukiandika "dagaa" hapo, msomaji wetu anaona kitoweo cha ugali, chakula cha mtu anayebana matumizi, na mzaha umekufa. Anchovi wale huliwa tumbo limeshashiba, ili chumvi yao iamshe kiu.

Kwa ukoo, dagaa wa Mwanza yuko karibu na ningu, samaki wa maji baridi, na wa Kigoma ni jamaa ya sadini. Aliye anchovi kweli ni dagaa mchele wa baharini. Mtazame mdomo, unapasuka hadi nyuma ya jicho. Lakini hata yeye, akishachemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa kama wafanyavyo Unguja, hafai kwa mapishi ya kale ya Ulaya. Moto umeua vimeng'enya (enzaimu) vya mwilini mwake, na kazi yote ya kulainisha nyama ilikuwa ya vimeng'enya hivyo.

Anchovi wa mapishi hayo huvundikwa mbichi. Kichwa hunyofolewa kwa vidole kikatoka na matumbo. Samaki hupangwa tabaka kwa tabaka na chumvi ya mawe, si chini ya gramu 300 kwa kilo, kisha hugandamizwa kwa jiwe zito. Maji yanayopanda lazima yawafunike. Atakayebaki juu ataoza, na mafuta yanayoelea yasipoenguliwa huleta harufu ya uchachu. Baada ya miezi kadhaa mahali penye ubaridi, nyama huwa nyekundu ya kahawia na laini. Kwa joto la pwani yetu sishauri mtu ajaribu bila barafu na jokofu: samaki huyu akikaa na joto hutengeneza histamini, kemikali inayoleta mwasho, uso kuwaka na kichwa kuuma, na kupika hakuiondoi.

Jikoni, loweka samaki 2 katika maji baridi kwa dakika 10, wapasue kwa kidole gumba kuanzia mkiani, toa mwiba. Weka minofu katika siagi gramu 60 juu ya moto mdogo, ukiiponda kwa mwiko. Ndani ya dakika 3 itayeyuka, kamulia ndimu. Moto ukiwa mkali, itaruka na kuunguza siagi, na mchuzi utakuwa mchungu. Wapishi wa Uingereza wa karne ya 18 waliutumia sana kwenye nyama, na si ajabu: chomeka minofu 6 katika paja la kondoo la kilo 2 kabla ya kulioka, na mlaji hatasikia samaki, atasikia nyama imekolea. Chumvi ya kawaida usitie kabla ya kuonja. Hapo ndipo wengi huharibu.

Anayebandika dagaa wakavu badala yake hupata vipande vigumu vinavyoelea kwenye siagi, halafu analaumu kitabu. Mbadala wa karibu ni sosi ya samaki ya Kithailand, kijiko 1 cha chai mahali pa minofu 2. Ukikosa, toa vichwa vya dagaa mchele wakavu, wakaange bila mafuta hadi wakatike kwa urahisi, watwange na kuchekecha. Unga huo utaleta utamu lakini hautayeyuka, kwa hiyo uuweke kwenye mchuzi mzito, si kwenye siagi.

Na neno? Ningeomba gazeti liandike "dagaa wa kuvundikwa kwa chumvi". Ni refu, lakini anayejua ndizi za kuvundika atalielewa.

Msomaji wenu,
Tanga