Aleluya Kuu ni wimbo wa Pasaka

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu nyimbo za kwaya, mwandishi alimtaja mtunzi George Frideric Handel kwa sentensi moja, akaiita Aleluya Kuu wimbo wa Krismasi. Nimeimba sauti ya nne kwa miaka 26, na wimbo huu nimeufundisha kwa nota zilizonakiliwa kwa mkono mpaka karatasi zikachakaa. Naomba nafasi nisahihishe, maana kosa hilo limefunika habari ambayo kila mwanakwaya angepaswa kuijua.

Aleluya Kuu ni kipande kimoja tu cha Messiah, kazi ndefu ya sehemu tatu. Kuzaliwa kwa Yesu kumo katika sehemu ya kwanza. Aleluya inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso, kifo na ufufuko. Handel, Mjerumani aliyehamia London, aliitunga kazi nzima mwaka 1741 kwa siku 24. Iliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, siku ya Jumanne ya Juma Kuu.

Siku ile wanawake waliombwa waje bila yale magauni mapana yaliyotanuliwa kwa pete, na wanaume waziache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi waenee ukumbini. Wakaingia kama 700. Walibanana hivyo kwa sababu mapato hayakuwa ya mtunzi wala ya waimbaji: yaligawiwa hospitali mbili za mji ule na watu waliofungwa kwa madeni. Wafungwa 142 walilipiwa wakatoka. Kila soprano wanapopanda hatua kwa hatua, nasi besi tukiwajibu kutoka chini, huwawaza watu wale wakivuka lango la gereza.

Haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 1750 Handel aliisimamia Messiah jijini London kuchangia makao ya watoto waliotupwa, na katika wosia wake akawaachia nakala ya nota zake. Miaka ya mwisho alikuwa kipofu. Alifariki tarehe 14 Aprili 1759, Jumamosi Kuu, siku nane baada ya kuhudhuria Messiah kwa mara ya mwisho.

Wala sisemi alikuwa malaika. Kumbukumbu za fedha zinaonyesha kuwa aliwahi kumiliki hisa za Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyosafirisha Waafrika na kuwauza utumwani. Nilipolijua hili liliniuma sana. Kwaresima nzima sikuugusa wimbo huu. Kisha nikawaeleza wanakwaya wote mambo hayo mawili, la wafungwa na la hisa, nikawaachia waamue. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema tuimbe, lakini sadaka ya siku hiyo iende kule ilikoenda ya kwanza.

Tukafanya hivyo. Magereza yetu nayo yana watu waliohukumiwa faini au kifungo, wakabaki ndani kwa kukosa faini tu, wengine kiasi ambacho kwaya hukitumia kwa sare za sikukuu moja. Kapu letu la Pasaka iliyopita lilitosha kuwatoa wawili.

Ombi langu kwa kwaya nyingine, za dhehebu lolote: mkiimba Aleluya Kuu Pasaka ijayo, wekeni kapu hilo mlangoni. Ila muonane na uongozi wa gereza mapema, kabla ya Jumatano ya Majivu ikiwezekana. Sisi tulichelewa, na kufuatilia nani anadaiwa kiasi gani kulituchukua wiki tatu.

Mwalimu wa kwaya,
Moshi