Mama, kuhusu huo mdahalo wa zuu

Asalaam aleikum mama, binti yangu,

Meseji yako nimeiona tangu juzi, sikujibu manake nilikuwa naendesha wageni wa safari ya siku nne na huku neti unaipata ukipanda kilima tu. Sasa nimepaki, wao wanakula lanchi, nina kama saa moja hivi. Umesema Ijumaa mna mdahalo, zuu, hizi bustani za kufugia wanyama, zifungwe ama zisifungwe, wewe umepangiwa upande wa zifungwe na unataka pointi tano. Pointi tano sina mama. Nina mambo niliyoyaona na macho, chukua utakayoyataka mengine acha.

Kwanza unisamehe. Hili kovu la kidole gumba, miaka yote ukiniuliza nakwambia ni jeki ya gari. Si jeki. Ni tumbili. Ami yangu alikuwa na kibanda cha soda na mahamri pale barabarani, akamfunga tumbili kamba ya kiuno kwenye mwarobaini ili wapita njia wasimame, na kweli walisimama, biashara ikachangamka. Sisi watoto tukimpa mahamri. Halafu tukaanza kumpa mahamri yenye pilipili ndani, tuone atafanya nini, tunacheka mpaka tunakaa chini. Siku aliyoning'ata nilikuwa nayo mkononi hiyo ya pilipili. Mimi nikashonwa, yeye akapigwa, na wiki haikuisha akauzwa kwa watu wa lori. Hakuna aliyeuliza anapelekwa wapi, na mimi sikuuliza. Nilikuwa umri wako huo huo.

Nakwambia haya kwa sababu hapa Ol Pejeta, hifadhi ya wanyama ya Laikipia, kuna sokwe, wale wa kwanza waliletwa 1993 kutoka Burundi vita vilipochacha kule, na kati yao nikamkuta mmoja anaitwa Poco. Huyu alifungiwa miaka mingi kwenye gereji huko Burundi, kivutio cha wateja, tundu lenyewe jembamba hata kukaa vizuri hawezi, ikawa ni kusimama tu. Akaokolewa, akaletwa kwenye miti na nafasi, lakini kile kisimamo hakikumtoka, anatembea wima kama mzee anayefuata foleni ya benki. Wageni wangu walicheka, wakapiga video. Mimi nikaenda kuangalia tairi, na tairi haikuwa na shida yoyote.

Sasa Sudan, kifaru. Huyu nimempelekea watu mara nyingi sana. Kifaru mweupe wa kaskazini, dume la mwisho duniani. Alishikwa 1975 huko Shambe, siku hizi ni Sudan Kusini, akiwa mdogo wa miaka kama miwili, akapelekwa zuu ya Dvůr Králové, wakati huo ni Chekoslovakia, akakaa kule miaka 34 na theluji yake. Utasema aliibwa, na hujakosea. Lakini jiandae mama, upande wa pili wakiwa na kichwa watakuuliza, haya, wale walioachwa porini wako wapi? Hawapo. Majangili waliwamaliza kwa ajili ya pembe, vita juu ya vita, na hifadhi ya Garamba kule Kongo walikosalia wa mwisho nako wakaisha. Yani aliyefungwa ndiye aliyebaki. Hapo utanyamaza kidogo, hata mimi hapo huwa nanyamaza.

Desemba 2009 wakaletwa hapa wanne kutoka zuu hiyo, Sudan, Suni, Najin na Fatu, ikitumainiwa jua na nyasi za huku zitawapa nguvu ya kuzaa. Hawakuzaa. Suni akafa 2014. Sudan madaktari walimdunga sindano ya kumpumzisha tarehe 19 Machi 2018, ana miaka 45, kusimama hawezi tena. Wamebaki bintiye Najin na mjukuu wake Fatu, wote majike, walinzi na bunduki usiku na mchana. Mayai ya Fatu yanatolewa, yanapelekwa maabara Italia, yanachanganywa na mbegu za madume waliokwishakufa, viinitete vinagandishwa, halafu siku moja abebe mimba kifaru mweupe wa kusini, manake hao wawili hawawezi kuibeba wenyewe. Januari 2024 walitangaza mimba ya kwanza ya namna hiyo imeshika, ila ilikuwa ya majaribio, kijusi chenyewe cha kifaru wa kusini, na yule mama akafa kwa bakteria baada ya mafuriko, mimba ina siku 70. Ukifikiria kazi yote hiyo na pesa yote hiyo, kwa kitu ambacho zamani dume na jike walikuwa wanakifanya wenyewe vichakani bila kumsumbua mtu.

Na hapa nina uongo wangu mwingine. Kila nikifika kwa Sudan nilikuwa nawaambia wageni, "huyu amerudi nyumbani." Hayo maneno yana kazi mama, mtu anatoa leso, na tipu inaongezeka. Mpaka siku moja nilimbeba mama mmoja mtu mzima kutoka Uganda, West Nile, akanisikiliza mpaka nikamaliza halafu akaniuliza taratibu, "Nyumbani kwa nani, dereva? Hawa walikuwa kwetu, babu yangu alikuwa akiwasimulia." Na ni kweli. Kwao ni Uganda, Sudan Kusini, Kongo, Chad, Afrika ya Kati. Laikipia hakuwa na ukoo hapa. Tulimpa shamba zuri lenye fensi ya umeme tukaliita nyumbani. Na Poco vile vile, Kenya hatuna sokwe wa porini. Hata yule kiboko Owen uliyempenda Haller Park, aliyeokolewa baharini Malindi Desemba 2004, hakurudishwa mto Sabaki kwa sababu viboko wengine wangemuua. Ulikuwa na miaka mitano ulipoambiwa hadithi yake, ukauliza, "Sasa kwao atarudi lini?" Nikakununulia aiskrimu.

Kwa hivyo mimi ningekuwa wewe nisingeanza na tundu. Tundu watu wataligombania mpaka kengele ilie, kubwa, dogo, safi, chafu. Ningewauliza, mkishafungua mlango, aende wapi? Na ni nani aliyepamaliza huko kwao? Na wakikwambia zuu ndiyo salama, waambie Machi 2017 majangili waliingia zuu ya Thoiry, karibu na Paris kabisa, wakamuua kifaru anaitwa Vince wakamkata pembe. Najua swali la mlango linakusumbua hata wewe wa upande wa zifungwe. Wacha likusumbue, mwalimu atakupa maksi.

Jambo la mwisho, mwalimu ameniandikia ati umekataa trip ya ofaneji, kituo cha wanyama yatima, pale geti la Nairobi Park, kwamba hutaki kuona wanyama waliofungwa. Hela nimeshatuma, nenda. Usikae kwa basi kununa. Mtafute anayewalisha, si yule mwenye kipaza sauti, yule mwenye ndoo, umuulize mmoja mmoja, huyu alitoka wapi, mama yake alipatwa na nini, na kuna wa kutoka hapa siku moja? Andika anavyokujibu unitumie, nataka kujua.

Wageni hao wanatoka, mmoja ameshasimama mlangoni mwa gari. Ukikuta tumbili huko usimpe kitu.

Babako