Mwanangu, mashua haisubiri

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeipata pamoja na zile picha, nikazitazama moja moja na kuzirudia. Nimefurahi kusikia mkeo amepata nafuu na mjukuu wangu ameanza kutambaa. Sasa niingie kwenye ulichoniuliza: ile mashua ya zamani ya mbao unayoikarabati uiuze, au uendelee nayo hadi ukarabati uishe.

Mimi ningeiuza. Nalisema mapema kwa sababu najua hupendi kuzungushwa. Lakini sitaki uiuze kwa kuwa mama kasema. Nataka uone ninachokiona mimi, halafu uamue mwenyewe, maana mikono iliyokwangua rangi yote ile ni yako.

Umeandika mahali pawili kwamba kwa sasa mashua "imekaa tu". Neno hilo limenikosesha raha kuliko mengine yote. Mashua ya mbao iliyo nchi kavu haikai tu. Kuna kuuza na kuna kumaliza, na kuna njia ya tatu ambayo ndiyo unayoifuata bila kuichagua: kuiacha. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu mwisho wake mvua ndiyo itakayokuamulia.

Watu wengi hudhani adui wa mbao ni bahari. Bahari huila chuma, na ina yule mdudu wa kutoboa mbao, lakini anayeozesha mashua ni kuvu, na kuvu hupenda maji ya mvua. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 hawezi kuila, na maji ya chumvi hayamfai. Anachotaka ni maji ya mvua yaliyotuama pembeni, pasipopita hewa. Katika picha ya tatu nimeona turubai limelala moja kwa moja juu ya sitaha, limekazwa kamba kotekote. Chini yake panatoka jasho kila asubuhi na halina pa kwenda. Nimeona pia kwamba magogo yamewekwa katikati ya mkuku, ule mti mkuu wa chini, peke yake, omo mbele na tezi nyuma zinaning'inia. Uzito wote wa mashua unatakiwa ubebwe na mkuku katika urefu wake. Zile nguzo za ubavuni kazi yake ni kuizuia isilale upande. Ukiiacha hivyo, ncha zitashuka kidogo kidogo na mkuku utapinda. Na mkuku ukishapinda, kila ubao ulioupima na kuukata kwa uangalifu utakuwa umekatwa kwa ajili ya chombo kingine.

Kwa hiyo, kabla ya neno lolote la kuuza au kutouza, nakuomba Jumamosi hii ufanye kazi hizi. Simamisha mti mrefu katikati kutoka omo hadi tezi, turubai lipite juu yake kama paa la hema, ncha zote mbili ziwe wazi upepo upite. Ng'oa kizibo cha ngama, kule chini kabisa ndani ya mashua, ili maji yasikae. Ongeza magogo mbele na nyuma. Ni kazi ya siku moja, na hutaijutia hata kama kesho yake atatokea mnunuzi.

Halafu ichunguze upya. Najua uliichunguza ulipoinunua, lakini ulikuwa unaitaka, na mtu anayetaka kitu hukitazama kwa jicho la huruma. Chukua nyundo ndogo na bisibisi yenye ncha. Gonga: mbao nzima hujibu kwa sauti kavu, iliyooza hujibu kwa sauti nzito isiyo na mlio. Papo hapo choma. Ncha ikizama bila kupingwa, weka alama ya chaki. Usihangaike na ubavu katikati, pale karibu kila mara huwa pazima. Nenda mahali ambapo mataruma, zile mbavu za mashua, yanakutana na mkuku, miguu ya mataruma ndiyo hufa kwanza. Nenda kwenye fashini ya nyuma, ule mti unaosimama mwisho wa mkuku, na chini ya sitaha kote ambako mvua ilikuwa inapenya. Tazama kila kichwa cha msumari wa chuma. Msumari ukishika kutu hufura, na kutu hiyo huidhoofisha mbao inayouzunguka. Utaona duara jeusi, na ukilichoma utaona limelegea. Umeniambia mbao mpya ulizozibadilisha umezifunga kwa skrubu za shaba, nami nilifurahi, lakini kando yake bado kuna misumari ya zamani ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kinaliwa haraka kuliko kingeliwa peke yake. Kwa hiyo kazi uliyoifanya vizuri inadai nyingine ambayo hujaianza: kung'oa chuma chote kilicho karibu nayo.

Na ng'oa boliti moja ya mkuku. Moja tu. Boliti huonekana nzima juu, ikaonekana nzima chini, na katikati, pale mbao zinapounganika, ikawa imebaki wembamba wa kalamu. Huwezi kuijua mpaka umeishika mkononi. Mnunuzi anayejua vyombo atakuuliza umeiona au hujaiona, na wewe mwenyewe ukiamua kubaki nayo utataka kujua kabla ya kutia fedha nyingine.

Sasa lile wazo la faibaglasi. Umeandika kwamba rafiki yako amekushauri kuifunika mashua nzima kwa faibaglasi na epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, kazi iishe mwaka huu. Tafadhali, mwanangu, usifanye hivyo. Kuna mashua zilizojengwa tangu mwanzo kwa mbao nyembamba na epoksi, na hizo ni imara sana. Yako si hiyo. Yako ni ya mbao pana juu ya mataruma na kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi, katikati yake, na chombo cha namna hiyo hupumua: kikiingia majini mbao hufura na kubana kalafati, kikipandishwa hunywea. Ukikivika ngozi isiyonyumbuka, mbao zitaendelea kufura na kunywea chini yake, mpaka ngozi ipasuke au ibanduke. Maji yataingia kwenye ufa usioonekana na hayatatoka. Kuvu atapata alichokuwa anakitafuta, tena mahali ambapo bisibisi yako haifiki. Zaidi ya hayo utakuwa umemfungia mlango kila atakayekuja baada yako, maana fundi wa kweli akiona mbao za zamani zimefunikwa hivyo huondoka. Ni heri uiuze ilivyo leo, mbao zikiwa wazi na kasoro zake zikionekana, kuliko kuimaliza kwa njia hiyo.

Umeniandikia pia kuhusu Tally Ho, nami naielewa hamu yako, ni habari ya kupendeza kweli. Chombo kilichochorwa na Albert Strange na kujengwa 1910, kikashinda mashindano ya mashua ya Fastnet ya 1927, ambayo dhoruba ilikuwa kali hata vyombo viwili tu vilifika mwisho. Baadaye kikawa gofu, kikaanza kufanyiwa ukarabati Marekani mwaka 2017, na kikashushwa majini 2024. Lakini tazama nini kilichoifanya kazi ile iishe. Karibu mbao zote zilibadilishwa, mkuku na mataruma vikiwemo. Ilikuwa kazi ya kila siku ya mtu ambaye ni fundi wa vyombo, akasaidiwa na mafundi wengine na watu wa kujitolea, na maelfu ya watu duniani wakachangia fedha. Pamoja na hayo yote ilichukua karibu miaka saba. Wewe una jioni za Jumapili, mtoto anayetambaa, na kazi ya zamu. Nakupima kwa wakati ulio nao, na wakati huo hautoshi kwa chombo cha ukubwa huu. Juhudi yako sina shaka nayo.

Kuhusu fedha, umenikumbusha methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi sikubaliani nawe hapo. Methali hiyo ni ya kumtia moyo mtu aliyesimama ukingoni anaogopa baridi, si ya kumlazimisha aliyekwisha kuona kwamba mto umejaa. Fedha uliyoitia kwenye mashua imekwenda, na haitarudi ukiuza wala ukibaki nayo. Unayotakiwa kuihesabu ni ile ambayo bado iko mfukoni mwako. Chukua karatasi uandike yaliyobaki, na usiishie kwenye mbao, maana hapo ndipo watu wengi hujipunja. Andika kalafati na rangi ya chini ya maji. Andika injini, ambayo sasa iko kwenye banda ikisubiri vipuri, na mhimili wake na rafadha. Andika nyaya za umeme, pampu, mlingoti, kamba na tanga. Andika gharama ya kuibeba hadi majini na ya mahali pa kuifunga, maana hiyo haina mwisho. Kwa nilivyoona mimi katika vyombo vilivyopita mikononi mwangu, siku unapofunga ubao wa mwisho na majirani wanakupongeza, bado hujafika nusu ya fedha.

Nije kwenye jambo ambalo si la mbao wala fedha. Nimesoma barua zako za zamani, bado ninazo. Unapoandika kuhusu siku mlizotoka na rafiki yako kwenye mashua yake ndogo, unaandika kurasa: upepo ulivyobadilika, mlivyogeuza tanga, jinsi ulivyoshika usukani usiku. Unapoandika kuhusu mashua yako, unaandika orodha ya yaliyobaki. Kuna watu wanaopenda kujenga, na kwao siku ya kushua chombo ni ya majonzi kidogo kwa sababu kazi imekwisha. Mimi ni mmoja wao, ningekuwa na magoti ya zamani ningekuomba unipe hiyo mashua bila kufikiri. Wewe unapenda kwenda baharini. Mashua hii imekuzuia kwenda baharini tangu ulipoinunua, kwa sababu kila siku ya hali ya hewa nzuri unaona haya kutoka na rafiki yako wakati yako iko juu ya magogo. Hilo ndilo linaloniuma.

Ukiamua kuuza, iuze nzima kwanza. Usianze kwa kuuza injini, hata kama yule bwana amekupa bei nzuri, kwa sababu mashua isiyo na injini huwavutia wachache zaidi, na watakaokuja watataka kuipata karibu na bure. Andika kila ulichokifanya: mbao zipi ulizibadilisha, za mti gani, skrubu za metali gani, gundi gani. Ambatisha picha za zile sehemu mbovu, tena zitangulie mbele. Mnunuzi unayemtaka ni yule ambaye akiziona bado anakuja, mtu mwenye banda, zana na muda. Mpe violezo vyako vyote vya mataruma, na mbao ulizokwisha kuzikausha, usizihesabu kwenye bei. Hutalipwa kazi yako, jiandae kwa hilo. Hakuna anayelipia kazi iliyofanywa na mtu mwingine kwenye chombo kisichoelea. Hati za umiliki zikague sasa, kabla mtu hajaja na fedha mkononi.

Ikitokea kwamba hakuna anayeitaka, na uchunguzi ukaonyesha miguu ya mataruma mingi imekwenda, basi ivunje. Ng'oa shaba, mlingoti, usukani na vyote vinavyoweza kutumika kwenye chombo kingine, uviuze au uvigawe. Mafundi wamefanya hivyo siku zote, na hakuna aibu ndani yake. Kuna mbao kwenye vyombo vinavyoelea leo zilizotoka kwenye chombo kingine.

Kuna jambo moja linaloweza kunibadilisha mawazo. Fungua ubao wa kwanza ulioungana na mkuku, upande wa kulia, ule ambao hujawahi kuugusa. Ukikuta mkuku mzima, miguu ya mataruma mizima, boliti inayotoka na unene wake, na ukajikuta umesahau kuingia ndani kula kwa sababu unataka kuona ubao unaofuata, basi nitafute, nami nitarudisha maneno yangu. Hapo tutaongea juu ya banda lenye paa la kweli, na jioni moja ya wiki ambayo mkeo ameikubali kwa hiari yake. Muulize yeye pia, tena umuulize kabla ya kufungua ubao. Ameishi na turubai hilo dirishani kama ulivyoishi nalo wewe.

Mwisho wa mwezi huu nitakuja kumwona mjukuu wangu. Nitakuja na tezo yangu na nyundo ya kalafati, na ile patasi pana uliyokuwa ukiitamani. Usiufungue ule ubao mpaka nifike, tutaufungua pamoja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Yule bwana wa injini mwambie asubiri hadi wiki inayofuata, na umwambie ukweli kwamba pengine mashua yote itauzwa, huenda akamjua mtu.

Nisalimie mkeo sana.

Mama yako