YAH: Malalamiko kuhusu shiti tano za "marini bodi" tulizouziwa kwa kazi ya boti

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tulinunua dukani kwenu shiti tano za plaiwudi, futi 4 kwa 8, unene milimita 9, kwa ajili ya boti ya futi 12 yenye sakafu bapa. Mwuzaji wenu aliulizwa waziwazi kama zinafaa kwa chombo cha majini. Akajibu kuwa hizo ndizo marini, yaani plaiwudi ya boti, na risiti imeandikwa hivyo hivyo, nakala tumeambatisha. Ukweli ni kwamba mlituuzia bodi za kumwagia zege, zile zenye ngozi nyeusi inayong'aa.

Tulipozirudisha zikiwa zimeharibika tulijibiwa kwamba kosa ni letu, tulichelewa kupaka rangi. Jibu hilo hatulikubali, na sababu ni hizi.

Shiti ya futi 8 haifiki urefu wa boti ya futi 12, kwa hiyo ubavu lazima uungwe. Ncha mbili hurandwa kwa mteremko wa mara nane ya unene, yaani milimita 72 kwa bodi ya milimita 9, kisha hulazwa moja juu ya nyingine kwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya. Randa ikipita vizuri, matabaka hujitokeza kama mistari iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye shiti tatu kati ya tano mistari hiyo ilikatika. Ndani mna mapengo yanayomeza kijiti cha kiberiti hadi nusu, na mahali pamoja vipande viwili vya tabaka la kati vimepandana badala ya kukutana. Dukani hayakuonekana kwa sababu kingo za kiwandani zimepakwa rangi nzito.

Kwenye zege pengo kama hilo huvumilika, maana chini ya bodi kuna mbao na mirunda. Boti ya kushona kwa waya kama yetu, ambayo bodi zake hufungwa kwa waya kisha maungio hutiwa epoksi, haina mirunda. Bodi yenyewe ndiyo nguvu ya chombo. Ubavu unapokunjwa kuelekea omo, yaani mbele ya boti, mkazo wote hukimbilia pale ambapo tabaka halipo. Wetu wa kulia ulipasuka sentimita 40 kutoka omo, juu ya pengo kabisa, na waya za shaba zilikuwa bado hazijakazwa hata nusu.

Ngozi nyeusi nayo imewekwa makusudi ili zege lisishike kwenye bodi. Basi hata epoksi haishiki. Tulipoipiga msasa namba 80 hadi ikatoka, tabaka la juu chini yake lilikuwa jembamba kiasi kwamba lilianza kutoboka kabla ngozi haijaisha. Rangi iliyopakwa mapema ingeshika wapi?

Kubwa kuliko yote ni gundi. Tulikata vipande vitano vya sentimita 5 kwa 5, kimoja kutoka kila shiti, tukavitia katika sufuria ya maji yanayochemka. Gundi ya boti hutakiwa kustahimili saa 4 za kuchemka, kukaushwa usiku kucha, na saa 4 nyingine. Vipande vinne viliachia matabaka ndani ya saa ya kwanza. Vilifunguka kama kurasa za daftari lililolowa. Hakuna rangi inayotibu gundi ya namna hiyo. Chombo kinacholala mchangani, mchana jua kali na usiku maji ya mvua tumboni, hakihitaji sufuria ili kifunguke. Na kikifunguka mbali na pwani, ndani yake kuna watu.

Plaiwudi ya boti halisi, kwa mfano inayofuata kiwango cha Uingereza cha BS 1088, hutakiwa kuwa na gundi isiyoachia kwenye maji yanayochemka, na mapengo ya ndani hayaruhusiwi kiholela. Tunajua muhuri wa kiwango hicho nao hugongwa ovyo madukani, ndiyo maana sasa tunachemsha vipande vya kila shehena ya plaiwudi kabla ya kushona.

Tunaomba mturudishie fedha za shiti zote tano pamoja na lita 2 za epoksi zilizoishia kwenye maungio yasiyofaa. Pia ondoeni neno "marini" kwenye rafu na kwenye risiti za bodi hizi. Ziandikeni bodi za zege, na mwuzaji akiulizwa habari za chombo cha majini aseme hapana. Mnaoweza kuwauzia kesho ni wavuvi wanaoziba sakafu ya ngalawa, wasio na muda wa kuchemsha chochote.

Vipande vilivyochemshwa na ubavu uliopasuka tumevihifadhi, mnakaribishwa kuja kuvikagua. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Wajenzi wa boti ndogo,
Kigamboni.